Majani ya Ua: Trekta Dogo, Ziro-Tani, au Mkono wa Mtunza Bustani?



Imenifikia barua ya mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka kadhaa sasa makao yake ni Karen, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Mumewe yuko kazini Ghuba, na nyumba pamoja na ua wake vimo mikononi mwake yeye na watoto wanne. Kiwanja chao ni cha ekari moja na nusu, na sehemu kubwa ni majani. Kwa miaka 11 yamekuwa yakikatwa na mtunza bustani mmoja kwa mashine ya kusukuma, na mashine hiyo sasa imekufa kifo kisicho na fundi.

Hapo ndipo jamaa walipogawanyika. Shemeji yake, aliyekaa Marekani, anashikilia kwamba inunuliwe ile mashine ya kukalia yenye kujizungusha papo hapo, ambayo wauzaji huiita ziro-tani. Kisha mtunza bustani aagwe, kwani vijana wa nyumbani wataiendesha wenyewe. Kaka yake yeye mama asema la, heri trekta dogo la majani, maana lina usukani kama gari na kila mtu ataliweza. “Sheikh,” aandika mama huyu, “wanaume wawili wanabishana juu ya mashine, na pesa zitatoka katika matumizi niliyoachiwa mimi. Nambie kweli, ipi kati ya hizi ni haja na ipi ni fahari?”

Ameniruhusu nilijibu swali lake hapa bila ya kumtaja jina, kwa kuwa familia zetu nyingi zimehamia pande hizo za Karen, Lang'ata, Lavington na Loresho, na jambo hili huzikuta nyingi. Huenda msomaji akastaajabu, sheikh na mashine za majani wapi na wapi? Lakini ndani ya swali hili mna mali ya mtu asiyekuwapo, mna usalama wa watoto, na mna riziki ya mfanyakazi wa miaka 11. Hayo si madogo.

Kwanza tuyatazame majani yenyewe. Huku kwetu pwani nyumba za kale hazikuwa na majani ya kukatwa. Nyumba ya Lamu ilikuwa na kiwanda chake katikati, sakafu ya chokaa, na asubuhi mwanamke alichukua fagio la chelewa akamaliza kazi. Uwanja wa majani mafupi yaliyosawazishwa ni desturi ya Waingereza, nao waliipanda Nairobi pamoja na reli na mahakama zao. Hata mashine ya kwanza ya kuyakata ni ya kwao: ilibuniwa na Edwin Budding wa Stroud, akapewa hataza yake mwaka 1830, baada ya kutazama mtambo wa kiwandani uliokuwa ukinyoa manyoya ya ziada juu ya nguo za sufi. Alifikiri kwamba kinachonyoa nguo kitanyoa na ardhi, na ikawa.

Lakini majani yaliyoko Nairobi si ya Uingereza. Mengi ni yale yaitwayo kikuyu, na jina hilo ni la haki, kwa sababu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kutoka huku yalipelekwa Afrika Kusini, Australia na California, na kwingine hata yakalaaniwa kama magugu. Ni majani mazito, hutambaa juu ya ardhi na chini yake kwa mashina yenye vifundo, na kila kifundo huweza kutoa mizizi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, zikinyesha, ukikawia wiki mbili utayakuta yamefika vifundoni mwa miguu. Januari na Februari husinzia, na mashine hukaa bure.

Nalitaja hili kwa sababu vitabu vinavyokuja na mashine hizi vimeandikwa kwa majani laini ya nchi za baridi. Majani ya kikuyu huifanya injini ihemke. Mashine iliyo hodari Ulaya huenda ikazimika Karen mwezi wa Mei, na si kosa la fundi.

Sasa tuzieleze mashine zenyewe, kwa wale ambao hawajaziona karibu.

Trekta dogo la majani lina injini mbele, usukani, kiti katikati, na sanduku la visu tumboni baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona. Upana wa kawaida wa visu ni inchi 42, yaani sentimita 107 hivi. Likifika mwisho wa mstari halina budi kuzunguka duara, na chini ya kila mti huacha pete ya majani isiyoguswa, ambayo itabidi imaliziwe kwa fyekeo. Fadhila yake ni kwamba lina kiungo nyuma: utafunga kigari ukabeba samadi, kuni, mchanga au majani yaliyokatwa. Yaani si mashine ya kazi moja.

Ziro-tani haina usukani. Ina nyenzo mbili, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto. Kila wenzo unatawala gurudumu moja la nyuma kwa pampu na mota yake ya oili. Ukisukuma zote sawa, yaenda mbele. Ukivuta zote, yarudi nyuma. Ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine, yajizungusha pale pale iliposimama kama pia. Magurudumu ya mbele ni ya kuburutwa tu, yanageuka yenyewe kama ya kigari cha dukani. Mbuni wake mashuhuri ni mkulima wa Kansas, Marekani, aitwaye John Regier, katika miaka ya 1960. Ni mashine ya ajabu kuitazama. Huzunguka mti ikaacha shina limenyolewa, na hurudi mstarini bila ya kupoteza hatua.

Shemeji basi hakusema uongo. Ina kasi, na uwanja wenye miti mingi huupatia vizuri kuliko trekta. Lakini kasi hiyo ni ya kiasi gani, na kwa ua wa ukubwa gani? Hapa watu wengi hununua kwa macho; afadhali tuchukue kalamu.

Mashine ya kusukuma yenye kisu cha sentimita 53, mtu akitembea kilomita 4 kwa saa, ikipunguzwa sehemu ya tano kwa kona na mistari inayopandana, hukata mita za mraba 1,700 hivi kwa saa. Trekta la sentimita 107 likienda kilomita 6 kwa saa, na likipunguziwa sehemu tatu katika kumi kwa sababu ya kuzunguka kwake, hukata 4,500. Ziro-tani ya upana ule ule, kwa kilomita 8, ikipunguzwa sehemu ya tano, hukata 6,800.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mwenye kiwanja cha nusu ekari, kilicho cha kawaida sana Karen na Lang'ata, akitoa nyumba, njia ya gari, baraza, kamba za kuanikia nguo na vitalu vya mboga, aghalabu hubakiwa na majani ya mita 1,200 tu. Huyo atayakata kwa mashine ya kusukuma dakika 42, kwa trekta dakika 16, na kwa ziro-tani dakika 11. Je, kuna mwenye akili atakayetoa bei ya gari kuukuu ili aokoe nusu saa kwa wiki? Naona huo ni israfu, na sitafuti neno laini la kuupaka.

Mama wa barua yetu yeye ana ekari moja na nusu. Kwa vipimo alivyoniletea, majani yake ni kama mita 4,000. Kwa kusukuma, hiyo ni kazi ya saa 2 na dakika 20. Kwa trekta, dakika 53. Kwa ziro-tani, dakika 35. Tukadirie kwamba kwa mwaka atakata mara 30, kila wiki wakati wa mvua na mara chache wakati wa kiangazi. Ziro-tani itamwokolea saa 9 kwa mwaka mzima kupita trekta. Saa 9 tu, na hiyo ndiyo tofauti yote wanayobishania wanaume wale wawili. Baina ya trekta na kusukuma, tofauti ni saa 43 na zaidi, na hizo ni za kuzingatiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari. Jiji liko juu kiasi cha mita 1,700 hadi 1,800. Sisi wa pwani tukipanda huko pumzi hutubana siku mbili tatu. Injini nayo hubanwa siku zote. Injini ya petroli isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa urefu wa Karen, hiyo ni kama sehemu ya tano ya nguvu. Injini iliyoandikwa farasi 20 ubavuni, kule itavuta kama farasi 16. Tena, ikiwa ina kabureta iliyopimwa kwa nchi tambarare, petroli itazidi hewa: moshi mweusi, plagi yenye masizi, na matumizi ya mafuta yasiyo na sababu. Watengenezaji wengi wana kijitundu maalumu cha kabureta kwa ajili ya nyanda za juu. Mnunuzi na aulize: “Kabureta hii imerekebishwa kwa Nairobi?” Muuzaji akibabaika, hiyo ni dalili.

Kwa hiyo, kwa majani ya kikuyu na kwa urefu ule, anayechagua mashine ya kukalia asikimbilie visu vipana sana juu ya injini ndogo. Heri visu vyembamba kidogo na injini yenye akiba. Na visu vinolewe. Kisu butu hakikati kikuyu. Hukichana, na siku ya pili uwanja mzima huwa na ncha za rangi ya kahawia, mwenye nyumba akadhani ni ugonjwa. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Yakiwa marefu mno, pandisha visu, kata, ngoja siku chache, kisha shusha.

Mteremko na Udongo

Atokaye Msikiti wa Jamia baada ya swala ya Ijumaa akafuata barabara ya Muindi Mbingu, akipita Soko la Jiji, atafika Bustani ya Jeevanjee, ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Pale katikati ya jiji ardhi ni tambarare, na mashine yoyote ingefaa. Lakini ukielekea magharibi mambo hubadilika. Kilimani na Kileleshwa zimekatwa na vijito vya Kirichwa. Lavington, Loresho na Kitisuru zimekaa juu ya migongo yenye mabonde baina yake. Viwanja vingi huanza sawa barabarani, kisha vikaporomoka kuelekea mtoni. Hata Karen, iliyo tulivu zaidi, hushuka ikikaribia mto Mbagathi.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na shemeji. Ziro-tani ikiwa mteremkoni, yale magurudumu ya mbele hayana kazi ya kuielekeza. Uongozi wote uko katika magurudumu mawili ya nyuma. Yakiteleza juu ya majani yenye umande, mwendeshaji hana usukani wala hana breki ya maana. Mashine huteremka itakako, na aghalabu itakako ni mtoni au ukutani. Trekta nalo hupinduka, tusidanganyane, lakini likianza kuteleza bado magurudumu ya mbele yana neno. Watengenezaji wengi wanakataza mashine za kukalia juu ya mteremko wa nyuzi 15, na kwa ziro-tani wengine husema hata nyuzi 10 zatosha kuogopewa.

Nyuzi 15 ni kiasi gani? Chukua ubao wenye urefu wa mita moja. Uweke ncha moja ardhini upande wa juu, uinue ncha ya chini mpaka ubao ulale sawa. Weka juu yake kipimamaji cha mwashi, au sahani yenye maji kidogo. Pima nafasi kutoka ncha iliyoinuliwa hadi ardhini. Ikiwa ni sentimita 27, hapo ni nyuzi 15. Ikiwa ni 18, ni nyuzi 10. Fanya hivyo mahali pakali zaidi pa ua wako, si mahali pazuri pa kukaribishia wageni. Kazi hii haina gharama, na mwanamke ataifanya na bintiye kabla ya kumpigia muuzaji simu.

Kwa mashine ya kukalia, panda na ushuke mteremko moja kwa moja, usikate ubavuni. Kwa mashine ya kusukuma ni kinyume: kata ubavuni, ili ukiteleza isikurudie miguuni.

Udongo nao una usemi wake. Karen na Lavington wana udongo mwekundu unaonywa maji. Lang'ata, kuelekea mbuga ya wanyama, kuna ule mweusi unaonata. Trekta dogo lina kilo kama 200, na ziro-tani huzidi hapo. Ukiliingiza zito namna hiyo juu ya udongo mweusi ulioloa, utachora mifereji itakayodumu hadi kiangazi. Na ziro-tani ikigeuzwa ghafla huku gurudumu moja limesimama, huchimba shimo la duara. Kikuyu hupona haraka, alhamdulillahi, lakini si kila wiki.

Tusiwasahau watoto. Hapa namwomba kila mama asome polepole.

Ncha ya kisu cha mashine hizi huenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kijiwe, msumari, kipande cha mfupa alichoacha paka, kikinaswa hutoka kama risasi. Jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani, nchi iliyo na mashine hizi nyingi kuliko zote, inashauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asiendeshe mashine ya kukalia, na aliye chini ya miaka 12 asiguse hata ile ya kusukuma. Tena inashauri watoto wadogo wasiwepo uani kabisa kazi inapofanywa, wawe ndani. Wao hawakuyasema hayo kwa nadharia. Kule, watoto hukatwa miguu kila mwaka, na mara nyingi mwendeshaji ni baba au babu aliyekuwa akirudi nyuma.

Mama ameandika kwamba vijana wake ni wa miaka 15, 13, 9 na 4. Basi ule mpango wa “vijana wataiendesha” umekwisha papo hapo, maana hakuna hata mmoja aliyetimiza umri.

Na lile tendo la mapenzi, la kumpakata mtoto mdogo juu ya kiti ili “naye afurahi”, ni katika mambo ya hatari mno. Mtoto aliyepakatwa leo, kesho husikia mlio wa injini akakimbia mbio kuufuata, akiwa nyuma yako, na wewe hukumwona wala hukumsikia. Usimzoeze.

Mashine hizi zina swichi chini ya kiti: mwendeshaji akiinuka visu vikiwa vinazunguka, injini huzimika. Waya wake ukilegea huleta usumbufu, na baadhi ya mafundi wetu wa mtaani huukata wakaunganisha moja kwa moja, wakasema “sasa iko sawa”. Haiko sawa. Ukinunua iliyotumika, washa visu huku umekaa, kisha inuka kidogo kitini. Isipozimika, usiichukue mpaka irekebishwe mbele ya macho yako.

Mavazi pia. Buibui, jilbabu, kanga iliyofungwa kiunoni, hata kanzu ya mwanamume, ni vazi la stara lakini si vazi la kukaribia mikanda na ekseli zinazozunguka. Dada atakayeendesha mwenyewe, na hakuna ubaya wowote uani kwake, avae suruali pana na juba fupi lisilofika magotini mwa mashine, mtandio uingizwe ndani, viatu vya kufunika vidole. Ndara ziachwe mlangoni. Masikio yazibwe, kwa kuwa mlio wake huzidi ule unaoruhusiwa kusikilizwa saa nyingi bila ya madhara. Petroli itiwe injini ikiwa imepoa.

Kuhusu Mtunza Bustani

Hili ndilo lililonikesha kuliko magurudumu na visu. Mtu amekaa uani kwako miaka 11. Ameijua kila bomba, anajua mti upi ulipandwa alipozaliwa mtoto yupi. Kisha yasemwa, tununue mashine, aagwe. Awe wa dini yetu au asiwe, haki yake ni ile ile.

Tena sheria ya nchi haikunyamaza. Chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kumwondoa mtu kwa kuwa kazi yake imechukuliwa na mashine ni kuondolewa kwa kukosekana kazi, na kifungu cha 40 kimeweka masharti. Ni lazima aarifiwe kwa maandishi, na afisa wa kazi aarifiwe pia. Apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mahali pake. Siku za likizo ambazo hakuzichukua zilipwe kwa fedha. Kisha apewe malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Miaka 11 ni siku 165. Mwenye kusema kwamba ziro-tani itapunguza gharama na aanze kwa kuiongeza hesabu hiyo juu ya bei ya mashine.

Kuna na upande wa pili. Akibaki, na akaumia kwa mashine uliyomnunulia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo wa 2007 inamtwika mwajiri dhima. Kwa hiyo viatu vizito, miwani, vizibo vya masikio na mafunzo ya nusu siku kutoka kwa muuzaji si hisani, ni wajibu wako. Usimkabidhi ufunguo ukamwambia “utajifunza tu”.

Nami nimwambie shemeji kwa adabu: mashine hukata majani, basi. Haipalilii, haipogoi ua wa michongoma, haizibui mtaro mvua inapofurika, haimfungulii lango mtoto atokaye madrasa magharibi inapoingia. Yule mtu akipunguziwa saa moja na nusu za kusukuma kila wiki, zitumike kwenye mboga. Karen yote imejaa majani, na sukuma wiki hununuliwa sokoni. Hilo limenishangaza tangu zamani.

Basi shauri langu kwa mama huyu ni kama lifuatavyo. Ua wake, kwa vipimo vya ubao alivyonipa baadaye kwa simu, una sentimita 21 upande wa mtoni na karibu sawa kwingineko. Ziro-tani aiache. Trekta dogo linafaa, la visu vya inchi 38 au 42, lenye gia ya kukanyagia badala ya ile ya kubadilisha kwa mkono, na lenye kiungo cha kufunga kigari, kwa kuwa ana samadi na majani ya kubeba. Lile pande la mtoni lisikatwe kwa trekta majani yakiwa na umande, na sehemu iliyo kali zaidi apande vichaka au migomba, aondokane na kukata kabisa. Mwendeshaji awe mtunza bustani yule yule.

Ikiwa fedha hazitoshi bila ya kuingia mkopo wa riba, asijitie humo kwa ajili ya majani. Anunue mashine nzuri ya kusukuma inayojiendesha magurudumu, injini yake ikiwa ya jina linalojulikana kwa mafundi wa barabara ya Kirinyaga. Mkanda, plagi, chujio la hewa na kisu vipatikane pale mjini siku ile ile. Wenye nusu ekari na chini yake, shauri langu kwao ni hilo hilo tangu mwanzo, hata kama fedha wanazo. Walio katika nyumba za safu za Kileleshwa, wenye kipande cha majani kama zulia mbili, mashine ya umeme ya betri yawatosha, na jirani atawaombea dua kwa ukimya wake.

Wenye ekari tatu au nne, tambarare, zenye miti mingi, hao ziro-tani yawafaa kweli. Lakini waulize mapema: pampu za magurudumu zikifa, zapatikana nchini? Baadhi ya mashine za bei nafuu zina pampu zilizofungwa kabisa, hazibadilishwi hata oili. Zikichoka hununuliwa mpya, tena jozi. Ikiwa ni ya kutumika kutoka ng'ambo, iwashe ikiwa baridi, isukume nyenzo zote mbili hadi mwisho juu ya saruji tambarare, utazame kama yaenda moja kwa moja. Ikivutia upande mmoja, na fundi akashindwa kuisawazisha kwa skrubu zake, pampu moja imechoka. Inama pia utazame chini ya sanduku la visu, gonga bati kwa bisibisi. Kutu iliyofika ndani hupasuka kwa mlio mfu.

Majani yaliyokatwa yasitupwe. Yakiwa mafupi yaachwe pale pale yawe mbolea. Yakiwa mengi, wafugaji wa Dagoretti watayapokea kwa shukrani, mradi yafike mabichi siku ile ile kabla hayajachacha kwenye gunia, na yasiwe na petroli wala dawa ya magugu.

Na ufunguo wa mashine usitundikwe jikoni kwenye msumari ambao mtoto wa miaka 13 anaufikia. Mama auweke pamoja na dhahabu zake.